Kichwa cha risasi chenye metali mbili tumboni: ni cha nani, na je, kina hatari?

"Mwalimu, habari za kazi. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Taveta. Mwezi uliopita tulikuwa tunachimba shimo la choo, na kwenye kina cha kama futi moja na nusu kijana wangu akaokota kichwa cha risasi. Kina rangi ya fedha iliyofifia, kimechongoka mbele, kitako chake ni bapa. Sonara alikipima akapata gramu 11.2. Fundi wa mashine akakipima kwa kalipa: urefu milimita 32, unene karibu milimita 8. Kina mikwaruzo ya mshazari ubavuni, na sumaku haikishiki. Nilikibana kwenye jiriwa nikakipasua kwa msumeno, nikashangaa. Nyuma kumejaa madini ya risasi ya kawaida, lakini theluthi ya mbele ni metali nyingine, nyeupe na nyepesi kama ya sufuria. Jirani mmoja anasema ni dumdum ya Mjerumani na ile nyeupe ni sumu. Mwingine anasema ni zebaki iliyoganda, na yuko tayari kunipa pesa nzuri. Picha nimekutumia. Je, ni nini hasa? Kina hatari kwa watoto? Nikiuze? Tena kuna kingine tulichopata palepale, hicho ni kizima na ganda lake, nimekiweka kwenye kopo la misumari jikoni."

Ndugu yangu, naanza na sentensi yako ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya niweke kando kazi nyingine nikujibu leo hii. Hicho kizima kilichomo kwenye kopo usikiguse tena. Usikisugue, usikibane kwenye jiriwa, usijaribu kukichomoa kichwa kwa koleo, wala usikitie mfukoni ukapanda nacho bodaboda kukipeleka kituoni. Watoto wasiingie jikoni, na mapishi yahamie nje kwa siku hizo. Kisha mwarifu chifu au piga simu polisi, 999 au 112, uwaeleze kwamba mmechimbua risasi ya zamani ambayo haijalipuka na mnaomba watu waliofunzwa mambo ya milipuko waje kuichukua. Sheria ya silaha ya Kenya hairuhusu mtu kukaa na risasi bila cheti, na mkulima aliyeokota akatoa taarifa mapema yuko mahali pema kuliko aliyeificha juu ya kabati. Mwezi umeshapita. Usiache wiki nyingine ipite.

Sababu ya kuwa mkali kwenye hiki na mpole kwenye kile kingine ni hii. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ndogo iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti ndani ya ganda, na kichwa kilichokabwa mdomoni mwake. Kinachoruka ni kichwa peke yake. Kwa hiyo ulichokipasua wewe kilishamaliza safari yake zamani, baruti yake iliungua siku ileile kilipofyatuliwa. Kile cha kwenye kopo bado kina vyote vinne. Risasi za Waingereza za enzi hizo zilijazwa kodaiti, nyuzi ndefu za rangi ya kahawia zinazofanana na tambi mbichi, na ndani yake mna nitrogliserini. Miaka mia na zaidi ardhini huenda imeiua fataki, na huenda haikuiua. Kwa kuitazama huwezi kujua. Ikilipuka nje ya bunduki, kichwa hakiendi mbali sana, lakini ganda hupasuka vipande vyenye makali, na vipande hivyo hutoboa macho na kukata vidole.

Sasa tukirudi kwenye kile ulichopasua. Umenirahisishia kazi kwa kupima kabla ya kukata; wengi hukata kwanza ndipo waulize. Gramu 11.2, milimita 32, unene karibu milimita 8, kitako bapa, ncha iliyochongoka, gamba la nje la rangi ya fedha lisiloshikwa na sumaku, na tumbo lenye alumini mbele na risasi nyuma. Vyote hivyo vinaelekeza mahali pamoja. Ni kichwa cha risasi ya Kiingereza ya .303, aina ya Mark VII, iliyopitishwa jeshini mwaka 1910. Kikiwa kipya huwa na gramu 11.3. Hicho kipande kidogo kilichopungua kimeliwa na udongo.

Kwamba ni cha Mjerumani tunaweza kuliondoa bila shaka. Kichwa chake kilichochongoka, kile cha bunduki ya Mauser cha kuanzia mwaka 1905, kina gramu 10 tu, ni kifupi, milimita 28 hivi, na ni kinene kidogo kuliko chako, milimita 8.2. Zaidi ya hapo, gamba lake kwa kawaida lilikuwa la chuma kilichopakwa kopa na nikeli, kwa hiyo sumaku hukishika. Na askari wengi wa Kijerumani walioanza vita mwaka 1914 hawakuwa hata na hicho. Walikuwa na bunduki za zamani za mfano wa 1871, zenye moshi mwingi, na kichwa chake ni kipande kinene cha risasi tupu, milimita 11 kwa unene na gramu 25 kwa uzito. Ukikiokota kimoja utakijua mara moja, kwa sababu kinalemea kiganjani kama jiwe la mto.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, uko kwenye ile mikwaruzo ya mshazari. Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji inayojizungusha, na kichwa kinapopita kwa nguvu huandikwa alama za mifereji hiyo ubavuni. Nimeikuza picha yako ya kwanza, ile uliyopiga kabla ya kukata. Upande mmoja naona alama tatu, na nafasi iliyo kati yake inaonyesha kwamba mzunguko mzima ni alama tano. Kichwa kikisimama ncha juu, alama zinapanda zikielekea kushoto. Ukikigeuza ncha chini, bado zinapanda kuelekea kushoto, kwa hiyo hakuna namna ya kukosea. Mifereji mitano inayozunguka kushoto ni ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza. Mauser ya Mjerumani ina minne, nayo huzunguka kulia. Chukua vile vipande viwili, viunganishe, uvimulike kwa tochi kutoka ubavuni, utaziona mwenyewe.

Sasa swali lenyewe: kwa nini watu wenye akili timamu waweke metali ya sufuria ndani ya risasi?

Kabla ya 1910 Waingereza walitumia Mark VI, ya mwaka 1904, yenye ncha ya mviringo kama kidole, gramu karibu 14, imejaa risasi tupu, nayo ilitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 628 hivi kwa sekunde. Wajerumani na Wafaransa walikuwa wameshahamia kwenye vichwa vilivyochongoka, vinavyokata upepo vizuri na kwenda mbali kabla ya kushuka. Waingereza nao wakataka kichwa kilichochongoka, chepesi, chenye mbio. Lakini madini ya risasi ni mazito. Ukitengeneza kichwa chembamba kirefu ukakijaza risasi tupu, kinakuwa kizito mno na mbio hupungua. Ukikikata kiwe chepesi, kinakuwa kifupi na hakishiki vizuri mifereji ya mtutu. Wakakiacha kirefu, theluthi ya mbele wakaweka kitu chepesi, nyuma wakaweka risasi. Uzito ukashuka hadi gramu 11.3 na mwendo ukapanda hadi mita 744 hivi kwa sekunde.

Hapo kuna tokeo jingine ambalo jirani yako amelisikia nusunusu. Uzito wa kichwa hiki umekaa nyuma. Umewahi kuona rungu likirushwa: upande mzito hutaka kutangulia. Kichwa cha Mark VII nacho kingependa kugeuka kitangulize kitako, ila hewani kinazuiwa na mzunguko wake, maana mtutu umekipa karibu mizunguko 3,000 kwa sekunde. Ni kama pia ya watoto, ambayo husimama wima kwenye ncha maadamu inazunguka. Kikiingia mwilini mambo hubadilika. Nyama ina uzito mara mamia kuliko hewa, mzunguko uleule hautoshi tena, na kichwa hupinduka ndani kikipita ubavu ubavu. Ndiyo maana majeraha yake yalikuwa mabaya hata kwa wale waliopigwa kwa kichwa kisichovunjika wala kupanuka. Kila nikikiona kimoja kikiwa kimelala kwenye kiganja cha mtoto wa shule, naikumbuka kazi yake hiyo. Waliopigwa kwa risasi hizi katika nchi yenu walikuwa askari wa Kiafrika, wapagazi waliobeba masanduku vichwani, Wahindi, Wazungu wa kila taifa.

Lakini si dumdum. Dum Dum ni mahali karibu na Kolkata, India, palipokuwa na kiwanda cha silaha, na miaka ya 1890 kilitengeneza risasi za .303 ambazo gamba lake liliishia kabla ya ncha, ili risasi laini iliyo wazi ipanuke kama uyoga ikigonga mwili. Baadaye Uingereza ikatengeneza nyingine zenye tundu nchani. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, risasi za kupanuka zikapigwa marufuku katika vita kati ya mataifa yaliyotia sahihi. Mark VII imefunikwa gamba kamili kuanzia ncha hadi karibu na kitako, kwa hiyo kwa maandishi ya mapatano yale haikuwa na kosa. Kwamba mwili wa binadamu haukuona tofauti kubwa ni jambo jingine, na sioni haya kulisema.

Wala si sumu, wala si zebaki. Ni alumini tu. Kwenye baadhi ya vichwa vya wakati wa vita, alumini ilipokuwa adimu, viwanda viliweka badala yake mbao iliyosagwa au karatasi iliyogandamizwa. Niliwahi kuonyeshwa kimoja kilichopasuliwa, na pale mbele palikuwa na kitu cha rangi ya kaki, kimekauka, kinachambuka kwa ukucha kama boksi lililonyeshewa mvua. Mwenye nacho aliamini ni dawa ya mganga iliyowekwa ili askari asikose shabaha.

Habari ya zebaki ina chembe moja ya ukweli, nayo haiko mahali jirani yako anapofikiri. Fataki za zamani ziliwekwa kemikali yenye zebaki ndani yake, kiasi kidogo mno, ambacho huwaka kikigongwa. Kiko kwenye kitako cha ganda, hakimo kwenye kichwa. Ile "zebaki nyekundu" inayosakwa na watafutaji wa mali za Mjerumani haipo duniani. Nimeona watu wakiuza ng'ombe ili wachimbe mahandaki ya zamani wakiitafuta, na nimeona wengine wakipasua makombora kwa nyundo kwa tamaa hiyohiyo. Huyo anayekuahidi pesa nzuri, muulize yeye atamuuzia nani.

Umri wake siwezi kukupa kwa mwaka mmoja kamili. Mark VII ilidumu mno. King's African Rifles, jeshi la askari wa Kiafrika chini ya Waingereza, walikuwa nayo katika Vita vya Kwanza, wakawa nayo katika vya Pili, na ilikuwa bado mikononi mwa askari miaka ya hali ya hatari, kuanzia 1952. Rangi ya fedha ya gamba lako, yaani mchanganyiko wa kopa na nikeli, inaelekea kwenye miaka ya mwanzo. Vingi vya baadaye vina gamba lenye wekundu wa shaba. Mahali nako kunasema kitu. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita, mashariki yenu, wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi uliofuata Wajerumani wakakiacha kilima hicho, na tarehe 11 hadi 12 Machi kukapiganwa usiku kucha kwenye vilima vya Latema na Reata. Kichwa cha gamba la fedha, kilichofyatuliwa na Lee-Enfield, kikaangukia nje ya mji wa Taveta: mimi ningekiweka kwenye miaka hiyo miwili, nikiacha mlango wazi kidogo.

Ila usiseme bado kwamba kilipigwa na jeshi la Uingereza. Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga na kuacha ufukweni bunduki mamia, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi laki kadhaa. Kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilizichukua na kuzitumia. Kwa hiyo Lee-Enfield ikisikika kichakani mwaka 1916 haikukuambia nani ameishika. Ili kujua hilo tungehitaji kujua kichwa kiliingia ardhini kikielekea wapi, na vingine vililala vipi jirani yake.

Hapo ndipo ninapokuomba jambo moja kwa moyo wote. Mkichimba tena mkaona kitu kama hiki, piga picha kikiwa bado udongoni, na pembeni weka jembe au kalamu ili ukubwa uonekane. Andika umbali kutoka kwenye mti au kona ya nyumba, andika kina, andika ncha ilielekea wapi. Kichwa chenye alama za mifereji ni kile kilichofika kwa adui. Kisicho na alama, au risasi nzima, ni ile iliyomdondoka mpigaji mwenyewe alipokuwa akijaza bunduki kwa haraka. Ninyi mna vyote viwili kwenye shimo moja. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko metali iliyomo tumboni, maana huenda pale choo chenu kinapochimbwa palikuwa na mtu amelala kifudifudi, anapiga na kupigwa. Na kama mtakutana na mifupa, kifungo au mkanda wa ngozi, acheni kuchimba palepale, muwaite polisi na watu wa Makumbusho ya Taifa. Choo kinaweza kusogezwa hatua kumi.

Kuhusu kuuza: kichwa kimoja cha Mark VII, tena kilichokwisha kupasuliwa, sokoni hakina thamani ya kutajwa. Vilitengenezwa kwa mamilioni mengi. Kihifadhi kwenye kikasha kikavu pamoja na karatasi yenye vile vipimo vyako, au ukipeleke kwenye makumbusho pamoja na maelezo ya mahali kilipotoka.

Kuhusu watoto: hatari iliyobaki kwenye nusu mbili hizo ni ya madini ya risasi yenyewe. Ule unga mweupe unaotokea juu ya risasi iliyokaa udongoni ni sumu ukimezwa, na vumbi la msumeno wako vilevile. Pangusa ile jiriwa kwa kitambaa kibichi, kitupe kitambaa, nawa mikono kwa sabuni, na usimruhusu mtoto akichezee wala akitie mdomoni. Usikiyeyushe kutengeneza chubwi za kuvulia ziwani Jipe. Moshi wake huingia damuni, na watoto ndio huumia zaidi. Kama kuna mtoto aliyekuwa akikinyonya au kukichezea kwa siku nyingi, mpeleke hospitali ukamwambie daktari waziwazi kuwa ni madini ya risasi, ili apimwe damu.

Na kwa siku zijazo, ule msumeno uache. Safari hii ulipata alumini. Lakini kuna vichwa vya .303 vinavyofanana na hicho kwa nje ambavyo viliundwa kwa ajili ya ndege na maputo ya kivita huko Ulaya. Vingine vilijazwa fosforasi, ambayo hujiwasha yenyewe ikikutana na hewa, na vingine vilijazwa kilipuzi kabisa. Sitarajii kuvikuta Taveta vya mwaka 1916. Silaha za vita vilivyofuata, hata hivyo, zilisambaa kila mahali. Mizani ya sonara, kalipa, sumaku na tochi vilitosha kukipa hiki jina lake bila kukikata.

Polisi watakapokuja kuchukua ile nzima, waombe jambo moja kabla hawajaondoka nayo: wakusomee kitako cha ganda, au wapige picha. Kuzunguka fataki kutakuwa na maandishi madogo yaliyogongwa. Herufi R na L zenye mshale katikati ni za kiwanda cha serikali cha Woolwich, London. K na F zenye mshale ni za Kirkee, India. Namba VII ikiwepo itathibitisha aina, na tarakimu mbili, kama 14 au 15, ndizo mwaka ilipotengenezwa. Nitumie ulichosomewa. Ganda hilo likiwa na mwaka, tutajua angalau kwamba wa shimoni kwenu hakuwa pale kabla ya mwaka huo.